Upande wa Binti

Cheche aliingia dukani kwa fundi wa kompyuta akiwa ameikumbatia kompyuta kifuani, imefungwa kwa kitambaa cha maua kilichobaki kwenye ushonaji wa mkewe. Buti zake zilikuwa na unga wa chuma. Shati lake lilijaa matundu madogo madogo ya moto, na ni matundu hayo yaliyompa jina. Alikuwa mchomeaji vyuma kwa miaka ishirini na sita. Mageti, madirisha, ngazi, kama ni chuma na kinasimama, yeye alishakisimamisha.

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtaa wote unamwita Mama Flashi kwa sababu alivaa shingoni kamba yenye flashi tatu, kama refa alivyo na filimbi. Mezani kwake palikuwa na kompyuta mbili zilizofunuliwa matumbo, na kikombe cha chai kilichopoa.

"Karibu, mzee wangu. Imekufa?"

"Haijafa. Inawaka vizuri kabisa. Ndiyo tabu yenyewe."

"Sijawahi kuletewa ugonjwa huo," alisema Mama Flashi. "Kaa, nieleze taratibu."

Cheche alikaa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na maneno ya kompyuta ndiyo hakuwa nayo kabisa. Shule aliiacha akiwa darasa la sita. Alieleza alivyojua.

Kompyuta ile ilikuwa na pande mbili. Binti yake ndiye aliyeigawa. Upande mmoja ulikuwa wa Windows, wa nyumba nzima; Cheche alihifadhi humo picha za mageti ya kuonyesha wateja, na siku ya mapumziko alitazama mpira. Upande wa pili ulikuwa wa Linux, wa binti mwenyewe, alikosomea na kuandikia programu zake. Ukiiwasha, kabla ya lolote, kioo kilikuwa cheusi, kikaja na mistari minne ya maandishi meupe, na sekunde kumi zikawa zinapungua moja moja. Mstari wa juu ulikuwa wa binti. Ukitaka Windows, ushuke kwa mshale mpaka chini. Ukizubaa, sekunde zikiisha, unapelekwa kwa binti.

"Najua," alisema Mama Flashi. "Hiyo ndiyo menyu ya kuwashia. Sasa imefanyaje?"

"Haipo. Tangu Jumamosi. Nikiwasha, naingia Windows moja kwa moja kama vile upande wa pili haukuwahi kuwapo."

"Mwenyewe binti anasemaje?"

Cheche alitazama viganja vyake. "Mwenyewe tumemzika miezi mitano iliyopita."

Mama Flashi aliacha bisibisi mezani. Alitoa pole, na hakuongeza kitu juu yake, jambo ambalo Cheche alilishukuru kimoyomoyo. Watu wengi wakishatoa pole huanza kukusimulia misiba ya kwao.

Ambalo Cheche hakulieleza ni hili. Binti alipokuwa hai, yeye alikuwa akizubaa kila mara. Anawasha, anatafuta miwani, sekunde zinaisha, anajikuta upande usio wake. Anapiga kelele: "Wewe! Njoo unitoe huku kwako!" Na binti anajibu kutoka jikoni: "Kwani nani alikukaribisha?" Baada ya mazishi, kila Jumamosi saa kumi jioni akishaoga, Cheche aliiwasha kompyuta na kuzubaa makusudi. Sekunde zinapungua, kumi mpaka sifuri, kisha unakuja ukurasa wenye picha ya binti. Amevaa kofia ya kuchomelea ya baba yake, ameiinua juu ya paji la uso, anacheka. Chini ya picha kulikuwa na kisanduku kidogo cha kuandikia nywila, na kistari kinachokonyeza humo ndani, kikisubiri. Cheche nywila hakuijua. Miezi ya mwanzo alikaa tu. Kioo kikizima kwa kusinzia, aligusa kitufe, na binti akarudi.

Basi. Hicho ndicho kitu chake cha wiki nzima. Kaburini alikwenda mara mbili tu, na mara zote mbili alijiona kama mtu aliyekosea anwani.

"Unataka nini hasa, mzee wangu?" aliuliza Mama Flashi. "Mafaili yake, picha, au nini?"

"Nataka uirudishe kama ilivyokuwa. Niwashe, nizubae, inipeleke kwake."

Mama Flashi alivuta kompyuta kwake. "Mara nyingi ni apdeti," alisema. "Windows ikijisasisha inaweza kujiweka mbele. Ule upande wa pili unakuwa upo, ila haupati nafasi ya kuitwa. Tuombe iwe hivyo. Kwa sababu ikiwa mtu amefuta, mzee, nitakwambia ukweli, sitakudanganya."

"Niambie tu. Mimi pia nikikuta chuma kimeliwa na kutu, sikipaki rangi nikamficha mteja."

Mama Flashi aliizima, akaiwasha tena huku akidonoa kitufe kimoja haraka haraka. Ikaja orodha fupi ya mahali mashine inapoweza kuanzia. Kulikuwa na jina moja tu, la Windows. Mama Flashi akaguna. Akavua flashi moja shingoni, akaichomeka, akaiwasha kompyuta kwa hiyo flashi. "Hapa tunaingia kwa mlango wa jirani," alisema. "Tunaangalia ndani bila kugusa kitu." Akafungua dirisha jeusi, akaandika neno moja, na diski ikajieleza kwa mistari, kila fungu na ukubwa wake.

Cheche alisimama nyuma yake. Hakuelewa hata herufi moja. Alitazama bega la fundi, kama mtu anavyotazama uso wa daktari.

Bega lilishuka. "Lipo," alisema Mama Flashi. "Fungu lake lipo, zima. Halijaguswa."

Cheche aliketi bila kutazama kiti kilipo, bahati kilikuwapo.

"Na nikuambie jambo," Mama Flashi aliendelea, sasa amechangamka. "Kwa njia hii ya flashi naweza kukufungulia kila kitu chake. Barua, picha, alichoandika. Hakuweka ulinzi kwenye diski yenyewe. Nywila wala siihitaji. Dakika mbili."

"Hapana."

"Ni vyako sasa, mzee."

"Mwanangu, mimi nakata makufuli. Naitwa mara nyingi, mtu kapoteza funguo. Kabla sijawasha mashine nauliza mwenye nyumba yuko wapi. Asipokuwapo, sikati. Hata mke wake akiniambia kata, sikati. Sijawahi." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Mimi nimekuwa nikibahatisha hiyo nywila, mwezi mzima. Nina daftari. Nimejaribu kumi na mbili. Siku aliyozaliwa, jina la paka, jina alilokuwa akimwita bibi yake. Nikiipata mwenyewe ni kama yeye ndiye amenitajia. Ila kuvunja, hapana. Nirudishie geti tu."

"Sawa," alisema Mama Flashi. "Fundi na fundi tumeelewana."

Akarudi kwenye dirisha jeusi. Kuna fungu dogo mwanzoni mwa diski, alimweleza, vinamokaa vianzishi, vile vinavyoamsha kila upande. Kila upande una folda yake pale, na mashine ikiwaka inakwenda kuisoma. Akalifungua. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Mzee wangu. Nani mwingine anaigusa hii kompyuta?"

"Mimi na mke wangu. Tuko wawili tu."

"Hii si apdeti."

"Umejuaje?"

Mama Flashi alimgeuzia kioo na kuweka ncha ya kalamu chini ya neno moja. "Hapa palitakiwa pawe na folda yenye jina la Linux yake. Ipo, na vitu vyake vyote vimo. Ila mtu ameibadilisha jina, halafu akalitoa kwenye orodha. Soma alivyoiita."

Cheche alivaa miwani. Neno lilikuwa fupi, hata yeye wa darasa la sita alilisoma bila shida. *Ficha.*

"Apdeti haijui Kiswahili, mzee," alisema Mama Flashi kwa upole. "Huyu ni mtu. Na hakutaka kuharibu. Angetaka kuharibu angefuta, ni rahisi zaidi."

Cheche alivua miwani. Alikuwa anakumbuka Jumamosi ya wiki moja kabla menyu haijapotea, alipokuwa na daftari lake anajaribu nywila ya kumi na mbili, na mkewe kwenye cherehani nyuma yake. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Alikuwa amemuuliza bila kugeuka: "Mama'ke, wewe hukuwahi kumwona anaandika nini?" Na mkewe akajibu, "Mimi ningejulia wapi mambo hayo?" Kisha cherehani ikaanza tena, kwa kasi, kama mtu anayekimbizwa.

"Nirudishe jina?" aliuliza Mama Flashi.

"Rudisha."

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Alirudisha jina la folda, akaandika amri moja ndefu ya kuliandikisha tena kwenye orodha ya mashine, akaliweka juu. Akachomoa flashi, akawasha upya. Kioo kikawa cheusi. Mistari minne. Kumi, tisa, nane.

"Izime," alisema Cheche.

"Hutaki kuhakikisha?"

"Nimeona. Nitahakikisha nyumbani."

Alilipa, akaifunga kompyuta kwenye kitambaa chake, akatoka. Njiani alipita mageti matatu aliyoyachomea mwenyewe na hakuyaona hata moja.

Mkewe alikuwa anapiga pindo sare za shule. Pini tatu mdomoni, rundo la bluu mapajani. Aliona kompyuta mikononi mwa mumewe, mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa fundi. Imerudi."

Mkewe alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye mto wake. Ilimchukua muda mrefu kuliko pini tatu zinavyostahili.

"Baba'ke," alisema mwisho. Walikuwa bado wanaitana hivyo, Baba'ke na Mama'ke, japo wa kumfanya mtu aitwe hivyo hakuwapo. Jina jingine hawakuwa nalo. "Niliipeleka mimi. Kwa yule kijana wa simu, pale stendi. Nikamwambia ficha, ila ukifuta nitakulaani mpaka ukome. Alhamisi ile ulipokwenda kufunga madirisha ya ghala."

"Nimeshajua ni wewe. Sijui kwa nini."

"Ulikuwa unakaribia."

"Nakaribia nini?"

"Nywila. Ile ya kumi na mbili ilibaki herufi mbili tu." Mkewe aliegemea cherehani. "Mimi ninayo. Alinipa mwenyewe zamani, alipokuwa ananitengenezea lile daftari la vipimo vya wateja. Kifua, kiuno, urefu wa mkono, vyote naandika humo. Siku zote nilikuwa naingia asubuhi ukishaondoka. Na baada ya mazishi nikaendelea kuingia."

Cheche aliikumbatia kompyuta zaidi. Miezi mitano amekaa nje ya mlango, na mtu aliye na ufunguo amelala kitanda kimoja naye. Alikuwa mtu wa kupayuka, angeweza kupayuka. Lakini aliutazama uso wa mkewe, akavuta kiti, akaketi.

"Alikuwa anaandika huko," mkewe alisema. "Kila siku mistari miwili mitatu. Nami sikutaka usome."

"Ameandika kuhusu kichwa."

Mkewe alikunja sare moja mapajani.

"Mama'ke, unadhani nimesahau? Nakumbuka neno kwa neno. Alikuja pale mlangoni, akasema Baba kichwa kinaniuma wiki ya pili hii. Mimi nafunga mizigo ya kwenda kazini. Nikamwambia, ni hiyo kompyuta yako, inakula macho, iache utapona. Nikaondoka. Na daktari aliponiuliza kama alikuwa akilalamika kichwa, nikasema kidogo. Kidogo! Mimi ninayakumbuka hayo kila siku. Hujanificha kitu."

"Hujui yote."

"Basi nisomee."

"Baba'ke, niache."

"Nimekaa kule kwenye picha yake miezi mitano, Mama'ke. Nilikuwa naomba msamaha kwa mtu ambaye sijui hata alinichukulia vipi. Kama alinilaani, acha nijue nimelaaniwa. Nisomee."

Mkewe alisogeza sare, akafungua nafasi mezani. Cheche aliwasha. Kioo cheusi, mistari minne. Hakuna aliyegusa kitu. Sekunde zikaisha, na binti akaja akiwa na kofia ya baba yake juu ya paji la uso.

Mkewe alianza kuandika nywila kwa kidole kimoja. Cheche aligeuza uso upande wa dirisha, kama alivyozoea kufanya mteja anapofungua kufuli lake la namba, na akaugeuza tena aliposikia amemaliza.

Ndani kulikuwa nadhifu kuliko alivyofikiri. Mafaili machache, kila moja na mahali pake. Mkewe alifungua moja, akashuka, akashuka. Akasoma kwa sauti yake ya kusomea vipimo, isiyopanda wala kushuka.

Alisoma siku binti alipofaulu mtihani na kula maandazi manne. Alisoma siku alipogombana na mwalimu. Alisoma mahali alipoandika kwamba baba akizubaa tena ataondoa zile sekunde zote, halafu chini yake: *sitaziondoa, napenda akiniita.* Hapo Cheche alicheka, na kicheko kikamtoka vibaya, kama kikohozi.

Kisha mkewe alifika mahali akasita, na kidole kikataka kushuka haraka.

"Umeruka," alisema Cheche. "Soma."

Mkewe alisoma.

"*Jumapili. Kichwa tena, tangu asubuhi. Nimemwambia Baba, anasema ni kompyuta. Nimekasirika. Halafu nikafikiri, labda mzee ana hoja, naye si ndiye anajua kuchunga macho kuliko sisi wote. Basi tufanye jaribio kama watu wazima. Siku kumi siigusi, kuanzia kesho. Kichwa kikipoa, nakubali nilikosea, na atanisimanga mpaka nizeeke. Kisipopoa, siku ya kumi namwambia, naye atanipeleka hospitali mwenyewe bila ubishi, maana nitakuwa nimefanya alivyosema. Haya mashine, pumzika. Tuonane Alhamisi ile nyingine.*"

Mkewe aliinua kidole.

"Endelea," alisema Cheche.

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Baada ya hapo hakuna. Ndiyo mwisho." Alimwonyesha. Chini ya maneno yale kioo kilikuwa cheupe mpaka ukingoni. "Mimi nilimwona siku ile anaifungia kabatini. Nikafurahi. Nilikupigia simu kule kazini, unakumbuka? Nikakwambia mwanao siku hizi ana adabu, kompyuta haigusi. Ukacheka. Ukasema, si nilimwambia. Alikuwa anashika kichwa, Baba'ke. Namwona kwa macho yangu anashika kichwa, namuuliza vipi, ananiambia nasubiri siku zangu ziishe. Nikadhani utani wake."

Cheche alikuwa amezoea kufikiri kwamba binti alimpuuza. Hilo ndilo lililomruhusu kulala, siku zile alizopata usingizi. Kwamba alisema neno la kipumbavu, ndiyo, lakini ni neno tu, nani anamsikiliza baba yake siku hizi, mtoto aliendelea na kompyuta yake na ugonjwa ukaendelea na wake. Kumbe alisikilizwa. Katika maisha yake yote hajawahi kusikilizwa hivyo na mtu yeyote.

Alianguka Jumanne ya pili baada ya Jumapili ile. Hilo walilijua wote wawili, hata saa yake.

Cheche aliinua mkono wake wa kulia, vidole vyeusi vya chuma, akaanza kuvikunja. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Vidole vya mkono ule viliisha Ijumaa, akaingia mkono wa pili. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Alipokunja kidole cha Jumanne kilibaki kimoja kimesimama, akakitazama.

"Siku moja," alisema. "Ilibaki siku moja."

Mkewe alikitazama kidole hicho pia. Hesabu hiyo yeye alishaifanya wiki mbili baada ya mazishi, asubuhi, peke yake, pini zikiwa mdomoni.